Maneno 25 kwa binti aliye mbali

Tuanze na tiki moja ya kijivu ya WhatsApp, maana hiyo ndiyo inayowanyima wazee wa Bukavu, mashariki ya Kongo, usingizi kuliko kitu kingine chochote kilichomo ndani ya simu. Baba amemwandikia binti yake aliye Kinshasa, Kampala, Ohio au kambini Burundi. Siku ya kwanza anatazama: tiki moja. Siku ya kumi: tiki moja. Anaanza kusema mtoto amepata kiburi cha ugenini, au usiku anaanza kusema, kwa sauti ya chini ili mama asisikie, kwamba mtoto amekufa. Mara nyingi si hili wala lile, na tiki yenyewe inaeleza mengi kwa anayejua kuisoma.

Ukituma ujumbe kwa WhatsApp, kwanza hutokea kisaa kidogo. Kisaa maana yake neno lako bado liko mkononi mwako: mega zimeisha, mtandao umelala, au mjukuu amebonyeza alama ya eropleni. Hapo binti hana kosa. Tiki moja maana yake neno limetoka kwako, limefika kwenye mitambo ya WhatsApp, lakini halijaingia kwenye simu yake. Tiki mbili za kijivu: limeingia. Mbili za buluu: amelifungua. Ila buluu inaweza kuzimwa kwenye mipangilio, na vijana wengi huizima, kwa hiyo tiki mbili za kijivu zisikufanye useme hajasoma. Ujumbe wa sauti una ushahidi wake peke yake. Pembeni kuna kipaza sauti kidogo, nacho hugeuka buluu akishausikiliza, hata kama amezima buluu ya kusoma. Baba anayetaka kujua kama neno limefika sikioni atume sauti. Tena haili mega nyingi: dakika moja ya sauti haifiki hata megabaiti 1, wakati simu ya video hunywa megabaiti kadhaa kila dakika na bado picha inaganda mdomo ukiwa wazi.

Jambo ambalo wengi hawalijui: ujumbe uliobaki kwenye tiki moja hukaa kwenye mitambo siku 30 tu. Simu yake isipoingia mtandaoni ndani ya siku hizo, ujumbe unafutwa. Akija kuwasha simu siku ya 31, hataona kitu, na wala hatajua kwamba kulikuwa na kitu. Baba anayelalamika kwamba alimwandikia mtoto wakati wa Pasaka na hakujibiwa, ashuke kwenye mazungumzo mpaka kwenye ujumbe ule wa Pasaka aangalie pembeni. Kama ni tiki moja, binti hakunyamaza. Hakuambiwa. Tuma upya, na kila wiki nne, tiki ikiwa bado moja, rudia tena.

Akaunti isiyotumiwa kabisa kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa. Hapo picha yake hutoweka. Lakini picha hutoweka pia mtu akikuzuia, na tiki hubaki moja vilevile, kwa hiyo usiamue haraka. Njia ya kutofautisha ni moja: mwombe shangazi yake, au dada yake, amtumie salamu fupi. Kwake zikiingia tiki mbili, ujue mtoto yuko hai, ana simu, ana mtandao, na shida iko kati yenu wawili. Hiyo nayo ni habari, ingawa si ile uliyoitaka. Usimtumie shangazi kama mjumbe wa ugomvi siku hiyohiyo, maana kesho naye atazuiwa, na mlango wa mwisho utafungwa.

Kuna mstari mmoja mdogo wa kufurahia. Ukiona katikati ya mazungumzo maandishi kwamba kodi (msimbo) ya usalama ya mtu huyo imebadilika, maana yake WhatsApp ya namba hiyo imewekwa upya. Kwa kawaida ni yeye amepata simu nyingine. Tahadhari tu: namba ya simu isiyotumiwa muda mrefu kampuni huichukua na kumuuzia mtu mwingine. Ndiyo maana baba anapiga namba ya binti yake na kujibiwa na sauti nzito ya mwanamume, akakata simu akiamini mtoto ameolewa bila posa. Aulize kwanza namba hiyo anayo tangu lini. Na ajue kwamba WhatsApp ya zamani inaweza kuendelea kufanya kazi kwa namba ileile hata kadi ikiwa imeshapotea, mpaka siku mwenye namba mpya atakapojiandikisha kwayo. Kwa hiyo ukikosa kwa kupiga kawaida, usiache kujaribu WhatsApp.

Sasa tuangalie simu ya baba mwenyewe, maana nusu ya kimya iko hapo.

La kwanza ni tarehe. Umeme ukikatika siku mbili, simu kuukuu inazimika kabisa, na ikiwashwa inarudi kwenye mwaka wa zamani. WhatsApp ikiona tarehe imepotoka inakataa kuunganisha. Ingia mipangilio, tafuta tarehe na saa, washa iwe ya kujiweka yenyewe. La pili ni kumbukumbu kujaa. Kikundi cha kanisa, cha ukoo, cha avenyu, cha wazee waliosoma pamoja: kila asubuhi mahubiri, maua yenye salamu, video za dakika nane. Halafu sauti ya binti inakuja, baba anabonyeza mshale wa kupakua, hauzunguki. Akikaa na sauti hiyo wiki nyingi bila kuipakua, itafika siku mitambo itakataa, na itabidi binti aitume upya, kama bado anayo. Fungua mipangilio ya WhatsApp, nenda kwenye hifadhi na data, kisha dhibiti hifadhi. Simu itakupangia vikundi kuanzia kilichokula zaidi. Futa video, acha sauti. Halafu palepale zima upakuaji wa video wa kujiendesha. Simu ya Android iliyo chini ya toleo la 5.0 haipokei WhatsApp tena, hata ukiifuta vumbi namna gani, kwa hiyo usimlipe fundi kukujaribia.

La tatu ni ugonjwa wa Bukavu hasa. Mitaa inayotazama mto Ruzizi na ng'ambo ya Cyangugu, kama Nguba na Muhumba, simu hurukia mtandao wa Rwanda bila kukuuliza. Juu ya kioo, jina la kampuni linabadilika, na pembeni ya vijiti vya mtandao hutokea herufi R. Hapo inite zako, yaani salio la simu, zinaliwa kwa bei ya ugenini au simu haitoki kabisa, na anayekupigia anaambiwa hupatikani. Ingia mipangilio ya mtandao, zima uchaguzi wa kujiendesha, chagua kampuni yako ya Kongo kwa mkono. Ukihama upande mwingine wa mji na mtandao ukapotea, rudisha.

Na kwa kuwa wengi tuna kadi mbili, ya +243 na ya +250, kumbuka WhatsApp imefungwa kwenye namba moja. Baba akinunua simu mpya akajiandikisha kwa namba ya Rwanda, binti ataendelea kuandikia ile ya Kongo, na yeye huko aliko ataona tiki moja. Ndiyo, hata yeye anaweza kuwa amekaa ugenini anauliza watu: kwa nini papa hanijibu?

Namba iandikwe inavyotakiwa. Ya kwetu, anayepiga kutoka nje anaweka +243 kisha tarakimu tisa, bila ile sifuri ya mwanzo: 081 inakuwa +24381. Sifuri moja iliyobaki imewatenga watu miaka. Na wewe ukihifadhi ya kwake, anza na alama ya kujumlisha na kodi ya nchi: Burundi 257, Uganda 256, Kenya 254, Tanzania 255, Zambia 260, Malawi 265, Afrika Kusini 27, Ubelgiji 32, Ufaransa 33, Marekani na Kanada 1. Iandike pia kwenye daftari la karatasi, kwa kalamu ya wino, na daftari likae nyumbani. Simu ikiibwa sokoni Kadutu, daftari haliibiwi.

Saa ni fitina nyingine. Burundi, Zambia, Malawi na Afrika Kusini wanatumia saa yetu. Kampala na Nairobi wako saa moja mbele, Kinshasa saa moja nyuma. Brussels na Paris ni sawa na sisi kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi, kisha wanarudi saa moja nyuma kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mashariki ya Marekani, yaani New York, Ohio na majirani zao, wako saa 6 nyuma yetu kuanzia Jumapili ya pili ya Machi, na saa 7 nyuma kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba. Baba akiamka saa moja asubuhi, akanywa chai, akapiga, huko Ohio mwezi wa saba ni saa saba usiku. Binti anayefanya kazi ya zamu ataiona simu hiyo, atashtuka akidhani kuna msiba, kisha ataizima. Piga saa tatu usiku ya Bukavu, kwake ni saa tisa alasiri.

Lakini hata mkishapanga, lugha yenyewe inawategea mtego. Binti aliyekaa ugenini miaka mitano huanza kuhesabu saa kama wenyeji wake. Anasema, “Papa, nitakupigia saa tatu,” akiwa na maana ya saa tisa alasiri, tena ya huko. Baba anakaa na simu mapajani tangu saa tatu asubuhi, haendi shambani, haendi kwa jirani. Saa nne anaanza kununa. Mwambie aandike kwa tarakimu, 21h00, aongeze neno “Bukavu”. Ugomvi mwingi wa baba na binti ungekwisha kwa tarakimu hizo nne.

Haya yote ni kwa mwenye namba. Kuna baba ambaye hana namba. Februari 2025, vita vilipofika Bukavu, watu wengi waliondoka kila mtu na njia yake, na maelfu walivuka kuingia Burundi. Walianzia Rugombo, uwanjani, kisha wengi wakapelekwa kambi ya Musenyi. Binti aliyevuka mto aliuza simu ile wiki ya kwanza, au ililowa, au kadi ya Kongo haishiki kule. Kwa baba wa namna hii, njia ni Msalaba Mwekundu.

Kazi hiyo ni ya zamani kuliko simu. Ofisi ya kwanza ya kutafutia watu habari za ndugu zao iliwekwa Basel, Uswisi, mwaka 1870, wakati wa vita vya Ufaransa na Prusia. Leo inafanywa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ile tunayoiita CICR, pamoja na Msalaba Mwekundu wa kila nchi: wa Kongo kwetu, wa Burundi kule. Ni bure. Sentensi hiyo isomwe mara mbili. Anayekuomba dola 5 ili “asukume dosie” ni tapeli, hata akiwa amevaa fulana yenye msalaba.

Kuna vitu viwili tofauti na watu huvichanganya. Ukijua binti yuko wapi, hata kwa makadirio, mfano uliambiwa yuko Musenyi au Nakivale kule Uganda, unaandika ujumbe wa Msalaba Mwekundu: karatasi ya wazi, haina bahasha, upande mmoja wako, mwingine wa jibu lake. Mtu wa kujitolea ataibeba na kuuliza kambini. Usipojua kabisa aliko, unafungua ombi la kutafutwa, na hapo wanakuhoji kwa urefu.

Nenda ukiwa umejiandaa. Majina yake yote matatu, kwa mpangilio wetu: jina, postnomu (jina la pili), prenomu (jina la ubatizo). Tarehe na mahali pa kuzaliwa, mpaka kijiji, grupema (kundi la vijiji) na sheferi (eneo la chifu). Majina ya baba na ya mama mzazi, hata kama mama alishaondoka nyumbani. Mara ya mwisho alionekana wapi, tarehe ngapi, na nani, akielekea wapi. Jina la utani analoitikia. Picha kama ipo.

Kwenye majina ndipo mafaili mengi hufa. Fomu za nje huwa na visanduku viwili, na karani huchukua neno la mwisho kuwa jina la ukoo. Kwetu neno la mwisho ni prenomu. Hivyo binti anayeitwa Neema ubatizoni anageuka ukoo wa Neema, na jina la babu yake linakaa mahali pa jina dogo. Ongeza tahajia ya Kishi, lugha ya Washi: Cirhuza, Ciruza na Chiruza ni mtu mmoja, lakini kwa kompyuta ni watu watatu. Toa tahajia zote unazozijua, na mpangilio wote unaowezekana. Ila usifungue maombi mawili katika ofisi mbili kwa tahajia mbili, maana yanakuwa mafaili mawili yasiyokutana. Ombi moja, tahajia nyingi.

Anwani yako nayo iwe ya kuongoka. Wilaya, kartie, avenyu, kisha alama ambayo mtu mgeni ataiona: ngazi za kushukia mtoni, kanisa gani, butiku ya nani, bomba la maji. Weka namba mbili za simu, moja ya mtu asiyehamahama. Na ukihama, rudi ofisini uwaambie. Jibu linaweza kufika baada ya wiki au baada ya miezi mingi. Likikuta nyumba ina mpangaji mwingine, linarudi lilikotoka.

Sasa, uandike nini? Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949, kifungu cha 25, unasema kila mtu aliye katika nchi yenye vita apewe nafasi ya kupeleka na kupokea habari za kifamilia. Na hata mawasiliano yakibanwa mpaka ibaki fomu tu, fomu hiyo isiruhusu maneno pungufu ya 25 ya kujichagulia, wala isiwe chini ya moja kwa mwezi. Hicho ni kiwango cha chini, si cha juu, na karatasi ya leo ina nafasi zaidi. Lakini maneno 25 ni kipimo kizuri mno, hata kwa WhatsApp, na ningeomba kila baba aanze nacho.

Karatasi hiyo husomwa njiani kwa makusudi, ili isibebe mambo ya vita. Usitaje askari wako wapi, nani anatawala barabara gani, wala siasa. Mstari wa namna hiyo unaweza kuizuia karatasi nzima. Usitie noti ya dola, haitapokelewa. Unaweza kuandika Kiswahili. Asiyejua kuandika ataandikiwa.

Huu hapa mfano, maneno 25 kamili:

“Binti yangu, mimi baba yako ni mzima, mama pia. Tungali Kadutu, nyumba ileile. Mdogo wako amezaa mtoto wa kike. Unalala vizuri? Nijibu hata neno moja.”

Uuangalie kwa karibu. Maneno tisa ya kwanza yanamwondolea hofu, kwa sababu mtu wa mbali anapopokea karatasi kutoka nyumbani kitu cha kwanza anachotafuta ni nani amekufa. “Nyumba ileile” inamwambia mlango haujahama, bila kumwamuru arudi. Habari ya mtoto mchanga inampa cha kuuliza: ameitwa nani? Mtu akiwa na cha kuuliza ataandika. Swali ni moja tu, na linajibika kwa neno moja. Halimwulizi yuko wapi, na hilo ni kwa makusudi, kwani huenda kuna mtu ambaye hataki ajue aliko, na karatasi hii iko wazi. Atataja mahali mwenyewe akitaka.

Linganisha na sauti ambazo baba wengi hutuma: dakika sita, maswali kumi na moja, malalamiko ya kusahauliwa, hadithi ya mtoto wa jirani aliyejenga, na mwishoni karo ya mdogo wake. Binti anasikiliza sekunde arobaini akiwa ndani ya basi, anasema atajibu vizuri akifika nyumbani. Akifika amechoka. Kesho anaona haya kwa kuchelewa. Baada ya wiki haya imekuwa kubwa kuliko jibu. Wengine hunyamaza kwa sababu moja tu: hawana cha kutuma, na wanajua simu ya nyumbani itaishia kwenye M-Pesa. Kwa hiyo, baada ya kimya kirefu, pesa isitajwe katika neno la kwanza, wala la pili. Kama shida ni kweli na ya haraka, itumiwe ujumbe wake peke yake siku nyingine, yenye kiasi na sababu.

Ukituma sauti, anza na tarehe. “Leo Jumapili, tarehe 10, mvua imenyesha.” Atakayeisikia baada ya wiki tatu ajue ilisemwa lini. Sekunde thelathini zinatosha maneno 25, na zinabaki kwa kukohoa. Jogoo akiwika nyuma, usirudie kurekodi.

Jambo gumu kuliko yote linahusu ombi la kutafutwa. Wakimpata, watamwuliza kwanza kama anakubali habari zake zifike kwako. Ni mtu mzima, ana haki ya kukataa, na akikataa hawatakupa anwani, hata ukilia ofisini, hata ukileta shefu wa avenyu na cheti cha ubatizo. Wakati mwingine atakubali karatasi tu, bila namba wala mahali. Baba wengi huchukulia hilo kama tusi, wanaikunja karatasi wanaitupa. Naona wanakosea. Sehemu ya jibu bado ina nafasi, na unaruhusiwa kuandika tena. Maneno 25, bila kuuliza kwa nini.

Kuhusu matapeli, kwa ufupi. Atapiga mtu akisema binti yako yuko hospitalini au mikononi mwa polisi, tuma dola 50 sasa hivi. Muulize kitu ambacho hakiko Facebook: bibi alimwitaje alipokuwa mdogo, kovu lake liko wapi. Akikata simu umeshajibiwa. Mtu akikuomba tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yako, usimpe, hata akiandika kwa jina la binti, maana kwa tarakimu hizo ataichukua WhatsApp yako, na binti ataanza kuombwa pesa kwa jina lako. Na usibandike picha yake mtandaoni ukiandika “anatafutwa” kabla hujajua alimkimbia nani.

Halafu neno linafika. Pengine ni sauti ya sekunde kumi na nne, nyuma kuna kelele za gari, anasema, “Papa, niko, nitapiga.” Usimjibu palepale kwa maswali kumi. Mwambie umesikia, basi.

Kisha ihifadhi, maana simu huanguka chooni. Angalia kwanza kama mazungumzo yenu yamewekwa ujumbe wa kutoweka. Gusa jina lake juu, shuka mpaka kwenye mpangilio huo, uone kama umeandikwa saa 24, siku 7 au siku 90. Ukiwa umewashwa, sauti itajifuta yenyewe. Ishikilie kwa kidole, uchague kuihifadhi kwenye mazungumzo, halafu itume pia kwenye simu ya mama. Kwa Android, mafaili ya sauti hukaa kwenye folda ya WhatsApp Voice Notes. Mpe kijana wa kabini ya simu kadi ya kumbukumbu ainakili folda nzima, mbele yako. Faili la sauti litakuwa na jina linaloanza na PTT, na tarakimu nane zinazofuata ni tarehe: mwaka, mwezi, siku. Nakili tarakimu hizo kwenye lile daftari, chini ya namba yake.